Ngoma na kidonge: jinsi wenyeji wa asili wa Kanada wanavyotibu uraibu na kiwewe

Mnamo mwaka 1884 Bunge la Kanada lilipitisha kifungu cha sheria kilichoifanya potlatch kuwa kosa la jinai. Potlatch ni karamu kuu ya wenyeji wa asili wa pwani ya Pasifiki: humo majina ya ukoo hurithishwa, ndoa hutangazwa, matanga huanuliwa, na mwenye karamu huwagawia wageni mali yake. Kifungu hicho kilianza kutumika mwaka 1885, na miaka kumi baadaye kikapanuliwa ili kuzibana pia ngoma na ibada za mataifa ya uwandani. Watu walifungwa gerezani; vinyago na mavazi yao ya ibada vikachukuliwa na kuishia katika majumba ya makumbusho. Marufuku hiyo haikufutwa hadi mwaka 1951.

Leo serikali ya nchi hiyo hiyo inagharimia kazi ya wazee wa mataifa hayo katika vituo vya kuwatibu waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Ngoma iliyompeleka babu gerezani hupigwa asubuhi, kabla ya mjukuu kwenda kuzungumza na mnasihi.

Kugeuka huko hakukutokana na hisani. Kulitokana na madai ya wenyeji wenyewe, yaliyodumu kwa takriban miaka hamsini, na katika miaka ya karibuni na wingi wa vifo. Mwezi Aprili 2016 jimbo la British Columbia, lililo magharibi mwa Kanada, lilitangaza hali ya dharura ya afya ya umma kwa sababu ya watu waliokuwa wakifa baada ya kuzidisha dawa za kulevya, hasa fentanili, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni inayoua kwa kiasi kidogo mno. Kwa mujibu wa Mamlaka ya Afya ya Mataifa ya Kwanza ya jimbo hilo, mwaka 2023 wenyeji wa asili walikufa kwa dawa hizo kwa kiwango kinachozidi mara sita kile cha wakazi wengine.

Hospitali zina dawa za kuwaokoa watu hao, na dawa hizo zinafanya kazi. Basi kwa nini wahitaji wengi hawaendi kuzichukua, na wanaokwenda huziacha njiani? Na ni kitu gani hasa ambacho ngoma, moshi wa majani na kibanda cha jasho huongeza ambacho kidonge hakina?

Jeraha linaanzia wapi

Wenyeji wa asili wa Kanada wamegawanyika katika makundi makuu matatu: Mataifa ya Kwanza, Wainuit wa kaskazini ya mbali, na Wametisi, ambao asili yao ni mchanganyiko wa wenyeji na wazungu wa kwanza kufika huko. Kwa zaidi ya miaka mia moja watoto wa makundi haya, wapatao 150,000, walipelekwa katika shule za bweni zilizogharimiwa na serikali na kuendeshwa kwa sehemu kubwa na makanisa. Lengo halikufichwa: kumwondolea mtoto lugha yake, dini yake na mazoea ya kwao. Walikatwa nywele, wakaadhibiwa kwa kusema lugha ya mama, na wengi wakapigwa au kudhulumiwa kingono. Maelfu hawakurudi nyumbani. Shule ya mwisho ilifungwa katika miaka ya 1990. Serikali iliomba radhi rasmi Juni 2008, na Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya jaji Murray Sinclair, ikatoa wito 94 mwaka 2015. Wito wa 22 unawataka wenye uwezo katika mfumo wa afya kutambua thamani ya tiba za wenyeji na kuzitumia kwa wagonjwa wa asili wanaoziomba, kwa kushirikiana na waganga na wazee wao.

Mtafiti na mtaalamu wa ustawi wa jamii kutoka watu wa Lakota wa Marekani, Maria Yellow Horse Brave Heart, ndiye aliyelipa jambo hili jina lililoenea: kiwewe cha kihistoria. Hoja yake ni kwamba kuna huzuni isiyokuwa ya mtu mmoja. Mtoto aliyelelewa na walezi wa bwenini, bila kukumbatiwa, hukua na kuwa mzazi asiyejua kukumbatia. Maombolezo yaliyokatazwa hayakwishi, hupita kwa watoto. Pombe huja kama dawa ya kwanza iliyo karibu.

Inafaa kuongeza hapa kwamba dhana hii ina hatari yake. Inaweza kumfanya msomaji adhani kwamba uraibu wa wenyeji wa asili umo katika damu yao, au kwamba dhuluma ni ya zamani tu. Vijiji vingi bado vina nyumba zilizofurika watu na maji yasiyonyweka, na watoto wa wenyeji bado huondolewa kwa wazazi wao na maofisa wa ustawi kwa idadi isiyolingana kabisa na wingi wao. Si kila maumivu yanahitaji kutafutiwa asili yake kwa babu.

Kijiji kilichoacha pombe

Mfano wa zamani unaotajwa mpaka leo ni wa Esk'et, kijiji cha watu wa Secwepemc huko British Columbia, ambacho kwenye ramani huitwa Alkali Lake. Ulevi ulikuwa umekithiri hapo kiasi kwamba majirani walikibandika jina la kejeli, Ziwa la Pombe. Mwaka 1972 Phyllis Chelsea alikwenda kuwachukua watoto wake nyumbani kwa bibi yao. Binti yake wa miaka saba akakataa kufuatana naye, kwa sababu nyumbani kulikuwa na ulevi. Mama yule akaacha pombe. Mumewe, Andy Chelsea, akaacha muda mfupi baadaye, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa chifu.

Hatua zao za mwanzo hazikuwa za ngoma hata kidogo. Walianzisha mikutano ya AA, yaani vikundi ambamo walevi husaidiana kuacha pombe. Chifu aliwabana wauza pombe ya magendo. Fedha za msaada kutoka serikalini, ambazo awali ziliishia kwenye chupa, zikageuzwa kuwa hati za kununulia chakula. Walichukiwa na jamaa zao, na kwa muda mrefu waliokuwa hawanywi walihesabika kwa vidole. Baadaye wazee kutoka mataifa mengine walialikwa, na vijana wakafundishwa upya kujenga kibanda cha jasho na kuimba nyimbo ambazo wazazi wao walikatazwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 kijiji kilijihesabu kuwa watu wake 95 katika kila mia hawaonji pombe.

Sehemu ya hadithi hii isiyosimuliwa mara nyingi ni ile iliyofuata. Pombe ilipoondoka, kilichokuwa chini yake kikaonekana. Watu walianza kusema waliyotendewa katika shule ya bweni ya karibu, na wengine waliyotendeana wao kwa wao. Kuacha kunywa kulikuwa mwanzo wa tiba. Ndiyo sababu wataalamu wengi leo hukataa kutenganisha mlango wa uraibu na mlango wa kiwewe, kana kwamba mgonjwa anaweza kuacha nusu yake nje.

Kibanda cha jasho na chumba cha mnasihi

Karibu na jiji la Edmonton, katika jimbo la Alberta, kuna kituo kiitwacho Poundmaker's Lodge, kilichofunguliwa mwaka 1973 na kupewa jina la chifu mashuhuri wa watu wa Cree. Kimesimama katika ardhi ya iliyokuwa shule ya bweni ya wenyeji. Mahali watoto walipokatazwa kusali kwa lugha yao, watu wazima huja kuacha pombe kwa sala hizo hizo.

Ratiba ya vituo vya aina hii ingetambuliwa na mnasihi yeyote wa Nairobi au Dar es Salaam: uchunguzi wa daktari, mazungumzo ya faragha, vikao vya pamoja, mafunzo ya kutambua vichochezi vya kiu ya kileo na kupanga namna ya kuvikwepa. Kandoni mwake kuna mambo mengine. Siku hufunguliwa kwa kufukiza: majani ya mimea kama seji, mwerezi au nyasi tamu huchomwa katika kombe au bakuli, na kila mtu hujivutia moshi kwa viganja, usoni, kifuani, masikioni. Mduara wa mazungumzo huongozwa na mzee. Kitu kama unyoya wa tai hupitishwa mkono kwa mkono, na anayekishika peke yake ndiye anayesema. Hakuna anayemkatiza wala anayemshauri. Kwa mtu aliyezoea kuhojiwa na polisi, mahakimu na maofisa wa ustawi, kusikilizwa bila kuulizwa swali ni jambo geni sana.

Kibanda cha jasho hujengwa kwa fito za mti wa mwilo zilizopindwa kuwa kuba, kisha hufunikwa kwa mablanketi au turubai mpaka ndani pawe na kiza totoro. Mawe huchomwa nje kwa saa kadhaa, huingizwa na kuwekwa shimoni katikati, na kiongozi huyamwagia maji. Mara nyingi ibada huwa na awamu nne, na mlango hufunguliwa kila baada ya awamu moja. Watu huimba, husali, hulia. Wanaotoka husema wamezaliwa upya, na umbo la kibanda linakusudia hivyo: ni tumbo la mama.

Mtafsiri wa habari hizi hupata bahati na mkosi kwa pamoja. Bahati ni kwamba Kiswahili kina kufukiza na kina nyungu. Msomaji wa pwani aliyekua na ubani wa Alhamisi jioni, au aliyewahi kufunikwa blanketi juu ya chungu cha mwarobaini, haelezwi mengi. Neno ngoma nalo linabeba chombo, mchezo na tiba kwa wakati mmoja, na hivyo ndivyo mambo yalivyo huko. Mkosi ni neno mganga. Kwetu limechakazwa na mabango ya barabarani yanayoahidi mvuto wa mapenzi na ushindi wa kesi, na halifai kumtaja mzee wa Cree ambaye kazi yake kubwa ni kukaa na mtu mpaka aseme. Katika makala hii neno mzee limetumika zaidi, ingawa nalo halitoshi.

Namna ya kuunganisha njia hizi mbili imepewa jina na Albert Marshall, mzee wa watu wa Mi'kmaq kutoka Eskasoni, Nova Scotia. Mwaka 2004 alipendekeza neno la lugha yake, Etuaptmumk, yaani kuona kwa macho mawili: jicho moja litazame kwa nguvu za elimu ya wenyeji, la pili kwa nguvu za sayansi ya kimagharibi, na yote mawili yatumike kwa faida ya wote. Msisitizo uko kwenye usawa. Hospitali inayotundika picha ya tai ukutani na kuendelea kama zamani haioni kwa macho mawili. Imevaa miwani.

Jaribio moja linaonyesha kazi hiyo ilivyo kwa undani. Huko Ontario kaskazini, mtafiti Teresa Naseba Marsh, mzaliwa wa Afrika Kusini, alishirikiana na wazee kuunganisha mila zao na Seeking Safety, mpango wa unasihi ulioundwa na mwanasaikolojia wa Marekani Lisa Najavits kwa ajili ya watu wenye kiwewe na uraibu kwa pamoja. Mpango huo haumlazimishi mtu kusimulia yaliyompata. Unamfundisha kwanza kuwa salama leo. Wazee waliuona unaafikiana na adabu zao. Vikao viligeuzwa kuwa miduara, vikafunguliwa kwa kufukiza, na kibanda cha jasho kikawekwa ndani ya ratiba. Washiriki walikuwa 24, wanaume 12 na wanawake 12. Waliomaliza ni 17. Dalili za kiwewe zilipungua kwa wote waliomaliza. Lakini alama zinazopima matumizi ya pombe na dawa hazikubadilika.

Wapo wanaolitaja jaribio hili kama ushindi na kuiruka sentensi ya mwisho. Sentensi hiyo ndiyo yenye mafunzo zaidi. Kundi lilikuwa dogo na halikulinganishwa na jingine, kwa hiyo haifai kudai mengi. Walakini inaelekea kwamba moyo unaweza kuanza kupona kabla mwili haujaachana na dawa. Mwili una kiu yake, nayo haiondolewi na wimbo.

Hapo njia mbili zinapogongana

Mraibu wa dawa za jamii ya afyuni akikosa dozi hupatwa na kile ambacho mitaani kwetu huitwa arosto: mwili hutetemeka, tumbo husokota, usingizi hukimbia. Methadoni, ambayo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuitoa kwa waraibu mwaka 2011, na buprenofini, hutuliza arosto bila kumlewesha aliyezoea, na hupunguza sana hatari ya kufa. Wengi huhitaji kuzitumia kwa miaka.

Kwa upande wa pili, katika mataifa mengi ya uwandani anayetaka kuingia katika ibada hutakiwa kuwa safi, kwa kawaida siku nne bila pombe wala dawa za kulevya. Je, methadoni ni dawa ya kulevya? Wapo wazee wanaosema ndiyo, na mgonjwa huambiwa aiache kwanza. Ushauri huo unaweza kuua. Mwili uliopumzika siku kadhaa hupoteza ustahimilivu. Akirudia dozi yake ya zamani, na ndani yake mna fentanili, anaweza kuacha kupumua. Wapo wazee wengine wanaosema buprenofini ni sawa na insulini ya mgonjwa wa kisukari, na kwamba hakuna aliyewahi kumfukuza mgonjwa wa kisukari mlangoni mwa kibanda. Ubishi huu hauko kwa wenyeji peke yao. Vikundi vingi vya AA na vituo vingi vya Kikristo vina mgawanyiko huo huo, na kwa kiasi fulani sharti la kuacha kila kitu liliingia vijijini kupitia kwao.

Jamii iliyoshughulikia mgongano huu kwa mafanikio yanayotajwa sana ni North Caribou Lake, taifa dogo la kaskazini mwa Ontario. Kijiji hicho hufikiwa kwa ndege ndogo, au kwa barabara ya barafu wakati maziwa yamekwisha kuganda. Mwaka 2009 muungano wa mataifa ya eneo hilo, Nishnawbe Aski, ulitangaza dharura kwa sababu ya vidonge vya maumivu vilivyokuwa vikisagwa na kudungwa. Njia iliyokuwepo ilikuwa kumpandisha mraibu ndege, kumpeleka katika kituo cha mbali kwa wiki chache, kisha kumrudisha katika nyumba ile ile, kwa marafiki wale wale. Kwa kizazi ambacho wazazi wao walipandishwa ndege kwenda bwenini, safari hiyo haikuwa ya kawaida.

Kijiji kikaamua tiba ifanyike nyumbani. Buprenofini iliyochanganywa na naloksoni ilitolewa hapo hapo, ndani ya mpango wa uponyaji ulioongozwa na jamii yenyewe, ukiwa na unasihi na mila zao. Walijitokeza watu wazima 140, takriban wanne katika kila kumi. Si suala tena la mgonjwa mmoja mmoja. Ni kijiji kizima kilicholazwa. Baada ya mwaka mmoja mashtaka ya jinai yalikuwa yamepungua kwa asilimia 61, na mashauri ya ulinzi wa watoto kwa asilimia 58. Mahudhurio ya shule yalipanda kwa asilimia 33. Sindano safi zilizokuwa zikigawiwa kwa wanaojidunga zilipungua kwa zaidi ya nusu. Duka la kijiji liliongeza mauzo kwa karibu asilimia 20, maana fedha zilirudi kwenye unga na maziwa.

Takwimu hizi haziwezi kusema ni asilimia ngapi ya matokeo yaliletwa na kidonge na ngapi na mila. Anayeuliza hivyo huenda anauliza vibaya. Kidonge kingeweza kupelekwa kijiji chochote. Kilichowafanya watu 140 wajiandikishe hadharani, mahali ambapo kila mtu humjua mwenzake, ni kwamba waliokuwa wakiwaita walikuwa ni watu wao.

Nani apime, nani alipe

Mwaka 1998 watafiti Michael Chandler na Christopher Lalonde walichapisha uchunguzi kuhusu kujiua kwa vijana katika jamii za Mataifa ya Kwanza za British Columbia. Wastani ulikuwa wa kutisha, lakini uliwaficha wengi: zaidi ya nusu ya jamii hizo hazikuwa zimempoteza kijana hata mmoja kwa miaka mitano, na zingine zilizika wengi. Walipotafuta tofauti, waliikuta katika mambo kama kujitawala, madai ya ardhi, usimamizi wa shule, zahanati, polisi na zimamoto, na kuwepo kwa jengo la shughuli za utamaduni. Kadiri jamii ilivyoshika mambo mengi zaidi mikononi mwake, ndivyo vifo vilivyopungua. Zilizokuwa na yote sita hazikuwa na kifo. Uchunguzi huo haukuhusu uraibu, na uhusiano si lazima uwe chanzo. Hata hivyo unasaidia kueleza kwa nini kibanda cha jasho kilichojengwa na uongozi wa hospitali, kwa ratiba ya hospitali, huenda kisifanye kazi ya kile kilichojengwa na wazee.

Upimaji wenyewe umeleta ubishi. Daktari huhesabu siku bila kileo. Wazee wengi hawaridhiki na hesabu hiyo, kwa kuwa mtu anaweza kuwa mkavu na bado akawa amekufa ndani. Wataalamu wa wenyeji wakishirikiana na vyuo vikuu walitengeneza kipimo chao kinachouliza mambo manne: matumaini, kuwa wa mahali fulani, maana na kusudi. Kwa upande mwingine Joseph Gone, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard aliye wa taifa la Aaniiih la Montana, ameuliza kwa muda mrefu kama mila zinapaswa kuvaa nguo za kliniki hata kidogo, au kama kambi ya kuishi kwa desturi za kale, bila mnasihi wala fomu, inaweza kuwa tiba kamili yenyewe. Ni swali zito, na tahadhari moja inalifuata: jamii zimetofautiana. Kibanda cha jasho si mila ya Wainuit, ambao taa yao ya mafuta ya sili ndiyo moyo wa nyumba, na mgonjwa wa mjini aliyelelewa Kikatoliki anaweza asitake moshi wala ngoma. Wito wa 22 ulisema wanaoziomba.

Nje ya mikono ya wenye mila, mambo yanaweza kuharibika vibaya. Oktoba 2009 karibu na Sedona, Arizona, mhamasishaji asiyekuwa mwenyeji wa asili aliwaingiza watu zaidi ya hamsini waliomlipa fedha nyingi katika kibanda cha jasho alichokiendesha mwenyewe. Watatu walikufa, naye akahukumiwa kwa kuua kwa uzembe. Wazee wenye uzoefu humwuliza anayeingia kuhusu moyo wake, shinikizo la damu na dawa anazotumia, na mlango hufunguliwa kwa anayeomba kutoka.

Fedha ndizo zenye historia fupi kuliko yote. Kanada iliunda mfuko wa uponyaji mwaka 1998 kwa dola milioni 350 za nchi hiyo, na mamia ya miradi ya vijijini ikaanza. Ulifunga milango mwaka 2014, mwaka mmoja kabla Tume haijaitaka serikali ivipe vituo vya uponyaji fedha za kudumu.

Marekani imepita njia nyingine. Oktoba 2024 serikali kuu iliziruhusu Arizona, California, New Mexico na Oregon kulipia tiba za jadi kupitia Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato kidogo, zinapotolewa na vituo vya afya vya wenyeji wa asili. California imeanza na wagonjwa wa uraibu. Swali lililosumbua maofisa lilikuwa la vyeti: mganga wa jadi hana leseni, na hakuna chuo kinachompa. Walichokubaliana ni kwamba kila kituo kitathibitisha chenyewe sifa za wale kinaowaajiri au kuingia nao mkataba.

Limebaki suala la ankara. Katika mataifa mengi ya uwandani anayemwendea mzee kuomba msaada humkabidhi tumbaku mkononi kabla ya kusema shida yake, na mzee akiipokea amekubali kazi. Kumtajia bei ni utovu wa adabu. Bima haijui tumbaku. Inataka jina la huduma, muda wake na saini. Vipo vituo ambako mgonjwa humpa mzee tumbaku kwanza, wakaenda zao kwenye kibanda, na jioni karani akajaza fomu.